Kuzalia nyumbani, kituo cha mtaani au hospitali kubwa: linganisha kabla uchungu haujakushika

Mwanamke wa Mombasa akishafika miezi saba kila mtu ana lake. Mavyaa ataka azalie nyumbani na mkunga aliyewazalisha wanawake wote wa ule mtaa, mamake asema Coast General manake ndo kuna madaktari, mume apiga hesabu kimyakimya, na shoga yake aliyezaa private mwaka jana amwambia ya serikali hata usiikanyage. Wote wana sababu zao na wote wampenda, lakini atakayesukuma ni yeye. Kwa hivyo hebu tuziweke hizi sehemu bega kwa bega tuone kila moja ina nini na imekosa nini.

Kwanza tuache kusema ni nyumbani ama hospitali, kana kwamba ni mbili tu. Kuna nyumbani na mkunga wa jadi, yule bibi ambaye kazi ameirithi kwa nyanyake. Kuna nyumbani na mkunga aliyesomea, mwenye leseni ya Nursing Council, hawa si wengi na ni wa kulipwa. Kuna zahanati na vituo vya afya vya mitaani. Alafu kuna hospitali zenye thieta, yaani chumba cha upasuaji, na damu ya kuongezwa, kama Coast General ambayo wazee bado waiita Makadara, na za private kama Aga Khan, Pandya ama Mombasa Hospital. Tudor, Port Reitz na Likoni ziko hapo katikati, ni hospitali kubwa kuliko kituo cha afya lakini lazima uulize mwenyewe thieta yafanya kazi hadi usiku ama mchana tu, manake uchungu wa wengi hushika usiku na hapana anayekupangia saa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mimba ya kwanza, nenda penye thieta. Ya pili na kuendelea, kama zilizopita zilienda vizuri na hii kliniki hawajaona tatizo, kituo cha afya kilicho wazi saa 24 ni chaguo zuri sana na watu wakidharau bure. Nyumbani na mkunga wa jadi peke yake siwezi kumwambia mtu ninayempenda afanye, na nitaeleza kwa nini bila kumvunjia heshima bibi wa watu, manake wengi wao wana roho safi na mikono ya ajabu.

Lakini Ulaya si wazalia nyumbani?

Hii yaletwa sana siku hizi, mtu ameona video ya mzungu amezaa kwenye beseni la maji sebuleni mishumaa imewaka. Ni kweli wako wanaozalia nyumbani na si vibaya, lakini angalia wamezungukwa na nini. Kule Uingereza kulitoka utafiti mkubwa mwaka 2011 kuhusu wanawake wasio na tatizo lolote kwenye mimba. Kwa waliokuwa na mimba ya kwanza wakapanga kuzalia nyumbani, watoto waliokufa au kupata madhara makubwa walikuwa karibu 9 kwa kila 1,000, na kwa waliopanga kuzalia wodi ya madaktari walikuwa karibu 5. Kwa waliowahi kuzaa tofauti haikuonekana. Na hao wa mimba ya kwanza, 45 kati ya 100 waliishia kuhamishwa kupelekwa hospitali, wakati waliowahi kuzaa waliohamishwa ni 12 tu kwa 100.

Sasa soma hio tena polepole. Hao ni wanawake waliochujwa, wamezalishwa na wakunga wa chuo wenye dawa na mashine ya kumpulizia mtoto, na ambulansi ikipigiwa simu yaja. Karibu nusu ya wa kwanza bado walihamishwa. Wewe uko Mishomoroni, mkunga wako ana wembe mpya na uzi, na gari ni la jirani ambaye saa nane usiku simu yake iko mteja. Nyumbani ya kule na nyumbani ya huku ni vitu viwili tofauti.

Damu

Hapa nitakaa sana kwa sababu hii ndo yaua mama wengi kuliko lolote lingine wakati wa kuzaa. Mtoto ametoka salama, watu wapiga vigelegele, mtu ashaanza kutafuta wa kumuadhinia, na mama aendelea kutoka damu. Kila anayezaa hutoka damu kiasi, ndo maana ni rahisi kupuuza. Madaktari wahesabu kwamba ikifika mililita 500, yaani nusu lita, tayari ni hatari. Nyumbani nani apima nusu lita? Damu yaingia kwenye leso kuukuu, yaingia kwenye godoro, leso yatolewa yawekwa nyingine kavu na kila anayetazama aona ile mpya tu ambayo bado haijalowa. Mama asema ahisi baridi na usingizi, aambiwa ni uchovu mpe uji. Kwa kutoka damu kwa nguvu mtu aweza kuondoka ndani ya saa mbili.

Hospitali zilizojipanga huweka plastiki chini ya mama, ina mfuko wenye mistari ya vipimo, damu yateremkia mle na nesi aona kwa macho imefika wapi. Kulifanywa utafiti kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukatoka 2023, wakakuta kutumia huo mfuko na kutoa tiba zote kwa mpigo mara tu damu inapozidi kulipunguza kutoka damu vibaya kwa asilimia 60. Kupima vizuri na kutochelewa tu, hapana mashine ya mamilioni.

Alafu kuna sindano ya oksitosini, ambayo mama adungwa mara mtoto anapotoka ili mfuko wa uzazi ujikaze. Hii mkunga wa jadi hana na hafai kuwa nayo. Zahanati yawezekana ipo. Lakini jua kwamba ile dawa huwekwa kwa friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na joto la Mombasa mwalijua, kwa hivyo ukienda kukitazama kituo uliza friji yao stima ikipotea inakuwaje. Na huyo mkunga wa leseni atakayekuja nyumbani muulize aibeba vipi, akikwambia iko kwa mkoba tu basi hio dawa huenda haina nguvu tena.

Damu yenyewe ya kuongezwa, hio hapana nyumbani na hapana zahanati. Ni hospitali kubwa. Hata huko saa ingine familia huambiwa itafute watu wa kutoa, kwa hivyo jua grupu yako mapema na ujue ni nduguzo gani wawili watatu waweza kuitwa usiku. Na kama grupu yako ni negative, nyumbani toa akilini kabisa, kuna sindano wahitaji ndani ya saa 72 mtoto akiwa positive.

Mtoto

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, kama 10 hivi wahitaji kusaidiwa kidogo waanze kupumua. Wengi wao ni kukaushwa na kusuguliwa mgongo tu, na mkunga wa jadi hilo alijua vizuri. Lakini wachache wahitaji kupulizwa hewa kwa kile kifuko na barakoa yake, na wahitaji ndani ya dakika moja. Si dakika ya kutafuta tuktuk. Kituo cha afya kizuri kina kifuko hicho na nesi aliyefunzwa, hapo ndo napenda vituo. Ukienda kutembelea waambie wakuonyeshe, usione haya. Kikitolewa kwenye kabati kimejaa vumbi hapo pia umepata jibu.

Chanjo ya BCG na polio ya kuzaliwa, sindano ya vitamini K, dawa ya macho, hizi hospitali na kituo hutoa, nyumbani utazifuata baadaye na kuna wanaosahau hadi mtoto ana miezi. Na mama mwenye virusi vya ukimwi asizalie nyumbani hata kidogo, mtoto apaswa kuanzishiwa dawa mapema na wapo maelfu ya watoto wazima leo kwa sababu hio tu.

Njia, na ukae upande gani wa maji

Kuna kitu ambacho watu wa miji mingine hawakijui, Mombasa kisiwa na sisi twaishi pande zote. Mtu wa Majengo au Tudor kwake Coast General ni dakika chache, akianza nyumbani mambo yakaharibika bado ana nafasi. Mtu wa Mtongwe ama Shelly Beach ana feri katikati. Feri yafanya kazi usiku kucha na gari la mgonjwa hupewa njia, ni kweli, lakini usiku zapungua na ukifika imetoka ndo hio imetoka, utaiona taa zake ziko ng'ambo ya pili nawe wasubiri irudi na mtu alia nyuma ya kiti. Barabara ya Dongo Kundu imesaidia sana siku hizi, kutoka Likoni waweza kuzunguka kwa gari bila kuvuka maji, ila ni mzunguko na lazima uwe na gari kweli si boda. Wa Likoni kwanza waulize hospitali yao ya huko huko yaweza nini usiku kabla ya kufikiria kuvuka.

Wa Kisauni, Bombolulu, Utange, Shanzu wana daraja la Nyali, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni mwajua lilivyo. Wa Changamwe, Mikindani na Jomvu wana Kibarani na malori yake. Na wa Mji wa Kale wasifikiri wao ndo wako salama zaidi, ni karibu kweli lakini gari haliingii kichochoroni, mzazi abebwa kwa mikono hadi barabarani, na ngazi za nyumba zetu za zamani kumteremsha mtu anayetoka damu si mchezo.

Mimi ningeuliza hivi: kutoka pale nitakapolala hadi kwenye meza ya thieta ni dakika ngapi, saa nane usiku, mvua yanyesha? Ikizidi nusu saa sitaki kuwa nyumbani. Hio nusu saa ni kipimo changu, wewe weka chako lakini kiwe na saa si kiwe na matumaini.

Heshima na sitara

Hapa nyumbani yashinda, tusidanganyane. Nyumbani watembea unavyotaka, wapewa chai ya tangawizi, choo ni chako, mamako akushika mgongo, watu wasoma dua, hapana mtu usiyemjua anayeingia kukupima njia imefunguka ngapi kisha aondoka bila kukwambia. Bibi ajipaka mafuta ya nazi, akupapasa tumbo taratibu na akwambia kichwa kiko hapa, mgongo uko hapa, usijali. Ni vigumu mtu kuacha hio akaenda mahali wazazi waweza kulala wawili kitanda kimoja siku za msongamano.

Na kufokewa kupo. Mimi nshafokewa leba, hospitali siitaji, niliambiwa maneno ambayo hayarudiki hapa. Najua wanawake waliozalia nyumbani mimba ya pili kwa sababu ya maneno waliyoambiwa ya kwanza, wala si kwa ajili ya pesa. Hili wahudumu walijue, mdomo wa nesi mmoja waweza kurudisha mtaa mzima kwa wembe. Mwaka 2018 mahakama kuu ya Bungoma iliamua mama mmoja aliyejifungulia sakafuni hospitalini akapigwa na manesi alipwe shilingi milioni 2.5, kwa hivyo si jambo la kuvumilia tu, ni haki yako kisheria.

Kuna wanaotaka wazalishwe na mwanamke tu. Ni ombi la haki wala usione haya kulisema. Vituo vya afya hapa huwa rahisi zaidi manake wakunga wa pale wengi wao ni wanawake, na kwa vile si wengi, ukienda kliniki pale pale miezi yote wakujua kwa jina. Hospitali kubwa uliza mapema lakini ujue kwenye dharura atakayekuwa zamu ndiye, na hapo uhai wako ndo wa kwanza.

Na uliza kuhusu kuingia na mtu leba. Shirika la afya duniani lasema kila mama awe na mtu wake wa kumtia moyo. Sehemu zingine wakubali, zingine wasema wodi haina pazia. Mkunga wako wa jadi aweza kuwa ndiye mtu huyo, na serikali yenyewe ndo yawataka wakunga wa jadi wafanye kazi hio, wawasindikize wazazi hadi kituoni. Hapo wapata mikono yake na sindano ya oksitosini kwa pamoja. Kwangu mimi hio ndo njia bora kuliko zote nilizozitaja, na sioni kwa nini twaendelea kumfanya bibi na nesi kuwa maadui.

Pesa

Kuzaa bure kwenye hospitali za serikali kulianza Juni 2013, baadaye ikaja Linda Mama chini ya NHIF, ile bima ya afya ya serikali, na tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, bima ni ya SHA. SHA hulipia kuzaa kwa kawaida shilingi 10,000 na upasuaji 30,000, lakini uwe umejisajili na michango iko sawa. Usiye na mshahara wa mwezi walipishwa wa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Jisajili kwa *147# siku ile ile ya kliniki ya kwanza, si siku uchungu umeshika ndo mume yuko nje ya wodi abonyeza simu na OTP haiji.

Private bili ni zaidi ya hapo na wewe wamalizia. Waambie wakuandikie bei ya kawaida na ya upasuaji zote mbili na kama mtoto akilazwa ni ngapi kwa siku, hapo ndo wengi huumia.

Mkunga wa nyumbani aonekana rahisi, leso doti moja, sukari, na chochote ulicho nacho. Ila gari la kukodi saa tisa usiku na kuingia hospitali kama dharura bila SHA, hio ndo ghali kuliko zote.

Na migomo, ndio. Manesi 2017 walikaa nje karibu miezi mitano, madaktari 2024 siku 56. Kila anayepanga ya serikali awe na mahali pa pili palipoandikwa kwenye kitabu cha kliniki.

Cheti

Fupi tu. Ukizalia hospitali au kituo watoka na karatasi ya kuzaliwa mkononi. Ukizalia nyumbani waanza kwa naibu wa chifu, na ikipita miezi sita inakuwa usajili wa kuchelewa na maswali yake. Watu wa Pwani twajua tabu ya kitambulisho ilivyotusumbua miaka yote hii, usimwanzishie mtoto tabu hio angali mchanga.

Nani asifikirie nyumbani kabisa, hata na mkunga wa leseni

Mimba ya kwanza. Aliyewahi kupasuliwa, manake kidonda cha zamani chaweza kupasuka ndani. Mapacha. Mtoto aliyetanguliza matako au aliyelala kingamo. Presha, kifafa cha mimba, sukari, damu chache, sikoseli. Aliyetoka damu nyingi uzazi uliopita. Aliyezaa mara tano na zaidi, ambaye watu humwambia wewe umeshazoea, na ukweli ni kwamba mfuko wake wa uzazi umechoka na wajikaza kwa shida. Aliyefanyiwa tohara ile ya kushonwa. Kama uko hapa juu, usipoteze muda kulinganisha zaidi, chagua tu ni hospitali gani yenye thieta.

Ukisema hili kwa mavyaa, usiende kumwambia nyumbani ni ushamba. Mwambie mila zote zipo pale pale. Kondo ukiitaka waambie leba mapema ukaizike nyumbani. Kuadhini ni pale pale wodini, babake amchukua mtoto akamuadhinia sikioni. Kukandwa kwa maji moto, uji wa pilipili manga, kufungwa tumbo, kufukizwa, arubaini nzima bila kushika ufagio, yote haya yaanza ukirudi na hapo bibi ndo bingwa hapana nesi anayemfikia. Wengi wa wazee wakisikia hivyo hulegea, manake walichoogopa ni kunyang'anywa mjukuu na desturi, si hospitali.

Na kama umepanga vizuri lakini mtoto akaamua kutoka nyumbani ama ndani ya tuktuk pale Buxton, hutokea, fanyeni hivi. Mkausheni mtoto haraka kwa leso kavu, mwekeni kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili na kichwa cha mtoto kisibaki wazi. Msiuvute mrija wa kitovu. Msiukate kwa wembe wa dukani, waweza kubaki vile vile hadi mfike. Mtoto anyonye, kunyonya kwasaidia mfuko kujikaza. Kondo ikitoka yenyewe itieni kwenye mfuko mwende nayo wahakikishe imetoka nzima, isipotoka msingoje, endeni hivyo hivyo. Leso zilizolowa msizitupe, zibebeni zote wazione ni ngapi. Na mmoja wenu atazame saa mtoto anapotoka, manake leba watakuuliza hilo mlangoni kabla hata hujakalia kitanda.